Mirembe: Jina la Hospitali katika Kiswahili na katika Mji wa Vyuo

Yapo majina ya mahali ambayo msemaji wa Kiswahili huyajua kabla hajapajua mahali penyewe. Mtoto aliyekulia Tanga, Mbeya au Mwanza aghalabu hulisikia neno Mirembe, au Milembe kama wengi wanavyolitamka, miaka mingi kabla ya kufahamu kwamba hilo ni jina la hospitali na kwamba hospitali hiyo ipo Dodoma. Hulisikia katika utani wa shuleni, katika ugomvi wa sokoni, katika mabishano ya mpira. "Kapimwe Mirembe." "Huyu katoroka Mirembe." "Usipoangalia, mwisho wako Milembe." Hakuna anayemfafanulia maana, wala hahitaji. Muktadha humfundisha kwamba neno hilo humhusu mtu aliyerukwa na akili, na kwamba kuambiwa hivyo ni kutukanwa.

Kwa mwanaisimu, jambo hili si geni. Jina la pekee linapoacha kutaja kitu kimoja na kuanza kutaja sifa, hali au aina ya watu, limeingia katika kundi la nomino za kawaida kwa mlango wa metonimia: mahali husimama badala ya kile kinachofanyika pale. Mfano unaotajwa mno ni wa London. Hospitali ya Bethlem, ambayo asili yake ni nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1247 na kupewa jina la mji wa Bethlehemu, ilikuja kupokea wagonjwa wa akili, na matamshi ya mkato ya jina lake, "bedlam", yakawa neno la Kiingereza lenye maana ya ghasia na vurugu. Jina la mji aliozaliwa Yesu likaishia kuwa jina la fujo. Nalo neno mirembe katika Kiganda ni amani, na miongoni mwa Waluhya mulembe ni salamu ya kutakiana amani. Mganda anayesikia Watanzania wakitukanana kwa neno hilo ana haki ya kushangaa kidogo.

Lakini Bethlem iligeuka neno la kamusi katika mji ambao ulikuwa tayari mkubwa na wenye mambo mengine mengi ya kuutambulisha. Dodoma haikuwa hivyo. Ilikuwa kituo cha reli kilichoanzishwa wakati wa Wajerumani katika nchi kavu ya Wagogo, na Waingereza walipojenga hospitali ya wagonjwa wa akili pale mwishoni mwa miaka ya 1920, mji wenyewe ulikuwa mdogo. Kwa miongo kadhaa, Mtanzania wa mbali aliyeulizwa Dodoma kuna nini angeweza kutaja njaa, treni na Mirembe. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ukabadilika polepole. Kisha mwaka 2007 ukapata vyuo vikuu viwili kwa mpigo, Chuo Kikuu cha Dodoma katika eneo la Chimwaga na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilikuwapo tangu 1980. Chuo Kikuu cha Dodoma peke yake kilikusudiwa kupokea wanafunzi 40,000. Ni idadi ya mji mzima, na takriban wote ni vijana waliolibeba jina la Mirembe kutoka makwao, kama tusi, hadi mahali ambapo jina hilo ni la jengo halisi lenye mageti, bustani, wauguzi na watu wanaosubiri dawa.

Hapo ndipo penye suala la mhadhara huu. Neno moja lina maisha mawili katika mji mmoja, na maisha hayo mawili hayana sarufi moja.

Kabla ya kulionyesha hilo, yafaa kueleza kwa nini ni Mirembe, na si mahali pengine, palipopata sifa hiyo. Haikuwa hospitali ya kwanza ya aina yake nchini. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameanzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuzwa kuwa nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Lutindi ipo hadi leo. Hata hivyo hakuna anayemtukana mwenzake kwa kumwambia aende Lutindi, isipokuwa labda huko huko Usambara. Mirembe ilikuwa ya serikali, ilipokea watu kutoka kila jimbo, na ilikuwa katikati ya nchi juu ya njia ya reli. Aliyepelekwa huko alisafirishwa mbali na kwao, mara nyingi na askari, na jamaa zake walibaki na jina tu la mahali alikokwenda. Neno linalosimama badala ya mtu asiyeonekana hupata nguvu ambayo neno la jirani halipati.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko Afrika Mashariki, na inatosha kuitaja kwa ufupi. Nairobi kuna Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza lililotokana na mwezi, kwa ile imani ya kale ya Ulaya kwamba mwezi ndio uvurugao akili za watu, na ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Uganda kuna Butabika, Unguja kuna Kidongo Chekundu. Kila moja ya hospitali hizi imezaa misemo kama ile ya Mirembe. Inafaa pia kukumbuka kwamba Mathari ndiko alikofanya kazi daktari J. C. Carothers tangu 1938 hadi 1950, na kwamba kutokana na uzoefu huo aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kuielezea akili ya Mwafrika kwa jumla. Kitabu hicho kimekosolewa vya kutosha na si kazi ya mhadhara wa Kiswahili kurudia. Linalohusika hapa ni kwamba taasisi hizi hazikuanza kama mahali pa kutibu. Zilianza kama mahali pa kuweka watu, na lugha iliyahifadhi yale iliyoyaona.

Iliyahifadhi namna gani? Ushahidi umo katika vitenzi. Misemo ya matusi iliyotajwa mwanzoni inatumia kupelekwa, kupimwa, kufungiwa, kutoroka. Mtu wa Mirembe katika misemo hii ama anatendwa, ama anakimbia kutendwa. Haji, hakai, hapumziki, hapati nafuu, hatoki kwa ruhusa. Kitenzi kupimwa kinastahili kuangaliwa zaidi. Mgonjwa wa kawaida naye hupimwa, damu au homa, lakini "kapimwe akili" haina harufu ya maabara. Ina harufu ya mahakama. Sehemu ya taasisi ya Mirembe ni Isanga, inayopokea watu walioletwa kwa njia ya sheria: mshtakiwa ambaye mahakama ina shaka na hali ya akili yake hupelekwa huko achunguzwe, na ripoti ikarudi kwa hakimu au jaji. Yaelekea tusi la mtaani limeazima utaratibu huo wa kiserikali na kuuhifadhi kwa uaminifu. Anayemwambia mwenziwe "kapimwe" anajifanya hakimu kwa sekunde moja, na mwenziwe anakuwa mshtakiwa.

Sasa katika mji wa Dodoma wenyewe husikika sentensi za namna nyingine kabisa. "Nashuka Mirembe." "Dada yake anafanya kazi Mirembe." "Alisoma uuguzi Mirembe." "Tumepanga nyumba nyuma ya Mirembe." Vitenzi ni vya kauli ya kutenda, na mtendaji ni mtu mwenye nauli, kazi, masomo na kodi ya nyumba. Hata lile la masomo si dogo: Mirembe ilikuwa na shule yake ya uuguzi, na hivyo ilikuwa mahali pa kusomea kabla Chimwaga haijaota ndoto ya mihadhara. Mwenyeji wa Dodoma anayajua matumizi yote mawili na huhama kutoka moja hadi jingine bila kujigonga, kama vile mtu anayesema lugha mbili. Asubuhi humwambia kondakta "Mirembe, shusha", na jioni, akichoshwa na mlevi wa jirani, humwambia apelekwe huko huko. Mwanafunzi mgeni anakuja na lahaja moja tu. Anachukua muhula mmoja au miwili kuipata ya pili, na wengine huhitimu bila kuipata.

Hasara yake si ya kinadharia. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba robo tatu ya maradhi ya akili yanayompata mtu maishani huwa yamekwisha kuanza kabla hajatimiza miaka 24. Huo ndio umri wa mwanachuo. Kwa hiyo katika mji huu wanakaa maelfu ya vijana walio katika umri wenye hatari zaidi, kilomita chache kutoka hospitali yenye uzoefu mrefu kuliko karibu zote nchini katika kuyatibu maradhi hayo, ikiwa na kituo chake cha Itega kwa ajili ya waathirika wa dawa za kulevya. Na kati ya vijana hao na hospitali hiyo limesimama neno. Asiyelala wiki mbili, anayesikia sauti, anayetamani kufa, anajua pa kwenda. Anajua pia wenzake wa bwenini watasemaje.

Fasihi ya Kiswahili ilimwona mwanafunzi huyu mapema. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, ilitoka mwaka 1974, na mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye mwishowe anajiua. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kwa falsafa ya udhanaishi, mgongano wa elimu ya kigeni na maisha ya kijijini, na kukata tamaa kwa wasomi baada ya uhuru. Usomaji huo ni sahihi. Lakini umetawala kiasi cha kulifanya jambo lililo wazi lisionekane, nalo ni kwamba Kazimoto ni kijana anayeumwa ambaye mazingira yake hayana neno la kuliita lile linalomsumbua isipokuwa maneno ya lawama. Uhakiki uliozoea kuona alama kila mahali wakati mwingine huhitaji kumwona mgonjwa.

Maneno yenyewe, basi, yakoje? Kiswahili kina hazina kubwa hapa, na si yote iliyo chafu. Neno wazimu lina mzizi mmoja na mzimu na kuzimu, yaani lilianza katika dunia ya roho za waliokufa. Kisarufi huchukua upatanisho wa U-: wazimu umempanda, wazimu umemshika, wazimu umemtoka. Ni kitu kinachokuja juu ya mtu na kinachoweza kuondoka. Mtu mwenyewe hubaki mtu. Majununi, kutoka Kiarabu, nalo linabeba jini ndani yake. Hata akili, neno la Kiarabu vilevile, limetokana na mzizi unaohusiana na kumfunga ngamia kamba, na ingawa si rahisi kudai kwamba Waswahili walilijua hilo, inapendeza kuona kwamba katika Kiswahili akili ni kitu kinachoweza kumruka mtu, kama mnyama aliyekata kamba. Kichaa ni tofauti. Hilo limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, na hutumika kwa mtu mzima mzima: kichaa amepita. Neno hilo hilo hutumika kwa ugonjwa wa mbwa. Kati ya "wazimu umemshika" na "yeye ni kichaa" pana umbali mkubwa: sentensi ya kwanza inasimulia tukio, ya pili inatoa hukumu. Wanaosema kwamba lugha zetu za jadi hazikuwa na huruma kwa wagonjwa wa akili hawajaisikiliza sentensi ya kwanza.

Katika Kiswahili rasmi maneno haya yote yameepukwa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 5, inataja ugonjwa wa akili miongoni mwa mambo ambayo Bunge linaweza kuyatungia sheria ya kumzuia raia kupiga kura. Hilo lilikuwa neno la staha kwa wakati wake. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na kwa jina lake tu mkazo ukahama kutoka ugonjwa hadi afya. Mirembe nayo sasa inaitwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Tafsida hizi zilitungwa kwa nia njema, lakini tafsida huchakaa kwa kasi inayowashangaza wanaozitunga. Tayari husikika watu wakisema "mgonjwa wa afya ya akili", kauli ambayo ukiichambua haina maana, kwani afya haiuguliwi. Husikika pia "ana mambo ya afya ya akili", kwa sauti ya chini na macho ya pembeni. Neno afya limeanza kutoa harufu ya ugonjwa uliotaka kufunikwa nalo. Kilema kilibadilishwa kuwa mlemavu, na mlemavu akawa mtu mwenye ulemavu. Kila badiliko lilipata miaka yake ya usafi.

Baadhi ya istilahi zimefaulu vizuri zaidi, na yafaa kujiuliza kwa nini. Sonona ni mojawapo. Ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kuumia moyoni kwa huzuni, kikachukuliwa kuwa jina la ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Halikuundwa mezani kwa kuunganisha vipande. Lilikuwa na uhai, na mtu anaweza kulisema juu ya nafsi yake bila kuona haya: nasonona. Msongo wa mawazo limeenea zaidi hata kuliko inavyopaswa, kwa kuwa limekuwa mwavuli wa kila shida, kuanzia deni la ada hadi maradhi yanayohitaji wodi. Wanafunzi hulipenda. Ni rahisi kusema "nina msongo" kuliko kusema lolote linaloelekeza kwenye geti lile. Na mitaani kumetokea jambo ambalo hakuna baraza la lugha lingelitabiri: chizi, neno la kejeli, limezaa mchizi, na mchizi katika lugha ya vijana ni rafiki, jamaa, mtu wa karibu. "Mchizi wangu" ni kauli ya mapenzi. Si kwamba vijana hao wamewafikiria wagonjwa. Hawajawafikiria hata kidogo. Ila limetokea, na linaonyesha kwamba neno la aina hii linaweza kupanda kama linavyoweza kushuka, likiwa mdomoni mwa watu walio karibu.

Neno unyanyapaa linatoa mfano mwingine. Kunyanyapaa lilikuwa kitenzi cha kawaida cha kumtenga mtu kwa kumwona kinyaa. Wakati wa kampeni za Ukimwi likawa istilahi ya umma, likafika hadi kijijini, na likaweza kumweka hadharani yule anayetenga badala ya yule anayetengwa. Faida yake kubwa ni hiyo: lilimpa jina mkosaji. Kuhusu Mirembe, Kiswahili bado kina majina mengi ya mgonjwa na hakina hata moja la yule anayemcheka.

Yote haya yangeweza kubaki mazungumzo ya wanaisimu kama si jambo moja. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, nyingine zikiwa na mizizi ya kikoloni na zimejaa lile neno la mwezi na jamaa zake, zinapaswa kupata Kiswahili chao. Mtafsiri anayefikia kifungu kinachohusu mshtakiwa asiye na akili timamu ana machaguo mengi mezani. Akiandika kichaa, amelipa tusi la mtaani muhuri wa serikali. Akiandika mwendawazimu, amerudi kwenye mizimu, na mahakama haina namna ya kumpima mzimu. Akiandika mtu mwenye tatizo la afya ya akili, amewaweka katika kapu moja mwanafunzi mwenye sonona na mtu aliyeua akiamini anajikinga na shetani, na sheria haiwezi kuwaona hao wawili kuwa sawa. Asiye na akili timamu ni kauli ya kawaida na inaeleweka, lakini inaeleza kwa kukanusha, na wakili mzuri atauliza timamu ni kiasi gani.

Hati kama hizo ndizo zitakazosomwa katika kesi za watu watakaopelekwa Isanga. Zitasomwa kwa sauti, mbele ya mtu mwenyewe na mbele ya mama yake aliyesafiri usiku kucha kwa basi. Sehemu kubwa ya watakaozitafsiri, kuzihariri na kuzibishania wanasomea lugha na sheria katika vyuo vya Dodoma hii hii, na wengi wao hupita mbele ya geti la Mirembe kila Jumamosi wakienda sokoni.